Kipupwe ni mwezi gani Kisangani? Maneno ya baridi, chakula, mpira na burudani katika Kiswahili cha mtoni

Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo tulipewa kazi ya vitendo ya tafsiri: aya moja ya Kifaransa, mistari isiyozidi kumi, iliyotolewa katika kijitabu cha kuwakaribisha wageni kwenye mji mmoja wa milimani huko Ulaya. Aya hiyo ilimwambia mgeni kwamba wakati wa « hiver » asijifungie chumbani; ale vyakula vya mahali pale, acheze au atazame michezo ya theluji, na usiku aende kwenye burudani. Ukiisoma haraka hakuna neno gumu. Nilidhani nitaimaliza kabla umeme haujakatika. Nilikaa nayo siku tatu, na tatizo halikuwa sarufi.

Siku ya kusahihisha, kila mmoja alisoma alivyoandika. Mmoja aliweka « kipupwe ». Mwingine « majira ya baridi ». Wa tatu, anayetoka Lubumbashi, aliweka « kiangazi », akatetea kwamba kwao baridi inakuja wakati mvua imekauka. Wa nne aliacha « hiver » ilivyo, akaiwekea alama za kunukuu. Wa tano, mwenzetu anayevuka mto kila asubuhi kutoka Lubunga, alisoma: « wakati ya mvula ». Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, na makala haya nimeyaandika kwa sababu ya kicheko kile. Nilipofika nyumbani nilianza kuwa na wasiwasi kwamba kati ya sisi watano, yeye peke yake ndiye aliyejiuliza swali la mfasiri: huku kwetu, ni kitu gani kinachomfungia mtu nyumbani mpaka ahitaji kuambiwa atoke akale, acheze na kufurahi?

Tuanze na mahali tulipo, maana tafsiri ya majira haiwezi kufanyika bila ramani. Kisangani iko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Joto la wastani ni kama nyuzi 25 za Selsiasi, na tofauti kati ya mwezi wenye joto zaidi na wenye joto pungufu ni ndogo kiasi kwamba hakuna mtu anayebadilisha nguo kwa ajili yake. Mvua inapita milimita 1,600 kwa mwaka. Jua linapita utosini mara mbili, mwezi wa 3 na mwezi wa 9, na mvua kubwa zinalifuata: za kwanza hadi mwezi wa 5 hivi, za pili hadi mwezi wa 11. Katikati kunakuwa na upungufu mara mbili, mmoja kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 2, mwingine mdogo katikati ya mwaka. Nasema upungufu, sisemi ukavu. Hata mwezi wa 1, ambao ndio wenye mvua kidogo kuliko yote, mtu akianika mihogo barabarani anabaki akitazama juu.

Lubumbashi ni habari nyingine kabisa. Uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, mbali kusini, na mwezi wa 6 na wa 7 usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo mwenzetu wa Lubumbashi hakukosea hata kidogo kuhusu kwao: baridi na ukavu vinafika pamoja. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba pwani « kiangazi » ni kinyume chake, ni wakati wa jua kali, na ukilisikiliza neno lenyewe utasikia ndani yake « kuangaza ». Msomaji wa Mombasa akisoma kwamba watu wa Ulaya wanateleza kwenye theluji wakati wa kiangazi, atafikiri mwandishi ana homa.

Na « kipupwe »? Ni neno zuri. Kamusi zinalieleza kuwa majira ya baridi ya pwani, kuanzia mwezi wa 6 hivi hadi wa 8. Lakini limo ndani ya mfumo, halisimami peke yake. Pwani wana masika, mvua kubwa za mwezi wa 3 hadi wa 5, wana vuli, mvua ndogo za mwishoni mwa mwaka, wana kiangazi, na nyuma ya yote hayo wana pepo mbili, kaskazi na kusi. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha. Yaani kalenda ile ni kalenda ya bahari. Mtu alihitaji kujua kusi inaanza lini kama vile mwanafunzi wa leo anavyohitaji kujua tarehe ya mtihani, ukichelewa, unabaki.

Hapa kuna jambo ambalo nashangaa halisemwi zaidi katika masomo yetu ya historia ya lugha. Kiswahili kilifika kwenye maporomoko haya na watu wa bahari. Wangwana, misafara ya pembe, kisha Tippu Tip mwenyewe, ambaye mwaka 1887 Leopold wa Pili alimweka kuwa wali wa Stanley Falls. (Wali wa kutawala, si wali wa kula, ingawa watu wake ndio walioleta kilimo cha mpunga upande huu, kwa hiyo maneno yote mawili yalitufikia kwa njia moja.) Watu hao walituachia namba, siku za wiki, « kitabu », « safari », « baridi » na maneno mengi ya biashara. Majina ya majira hayakubaki. Sokoni kwetu sijawahi kumsikia mama akisema « vuli », na kaskazi kwetu ni upande wa ramani shuleni, si upepo. Maneno hayo yalifika ufuoni yakakuta hakuna kazi ya kufanya, maana mtoni hakuna upepo wa kungojea miezi sita, mtumbwi unaenda kwa kasia. Neno linabaki pale ambapo kuna kitu cha kulishikilia.

Basi watu wa Kisangani wanapimaje mwaka? Niliwauliza wa nyumbani kwanza, halafu wauza vyakula, halafu wenzangu. Jibu la kwanza lilikuwa « mvula » na « saison sèche », jibu la shule. Jibu la pili, baada ya kukaa kidogo, lilikuwa chakula. Wakati wa mbinzo. Wakati wa safu. Wakati wa maembe. Wakati mayi imepanda na samaki imekuwa bei. Mbinzo, wale viwavi wa miti ya msituni, wanajaa sokoni katikati ya mwaka, hasa mwezi wa 8, na hapo hata mtu asiye na kalenda ukutani anajua mwaka umefika wapi. Yule mgeni wa kijitabu, akija kwetu mwezi wa 8, hataambiwa « karibu wakati wa baridi », ataambiwa « umefika wakati wa mbinzo ».

Kuna na kipimo kingine ambacho hakimo katika kijitabu chochote cha wageni. Kwa pwani, mwanzo wa mwezi wa 6 ni mlango wa kipupwe. Kwa wazazi wetu, mwanzo wa mwezi wa 6 ni « siku sita »: tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji huu na mabomu yakaanguka juu ya watu wasiokuwa na ugomvi na yeyote. Mama yangu hasemi « mwaka 2000 ». Anasema « mbele ya siku sita » au « nyuma ya siku sita ». Mimi nimezaliwa nyuma. Nimeliweka hili hapa kwa sababu za kiisimu tu: ukileta jina la majira kutoka mahali pengine na kuliweka juu ya mwezi, ujue mwezi huo tayari una mwenyewe.

Sasa chakula. Aya ya Kifaransa ilisema mgeni ajipatie vyakula vya mahali pale vinavyopasha mwili joto. Zoezi lilikuwa kufasiri, si kubadilisha, kwa hiyo jibini iliyoyeyushwa ilibaki jibini iliyoyeyushwa. Lakini profesa alituomba pia toleo la pili: aya hiyohiyo kana kwamba imeandikwa kwa mgeni wa Kisangani. Hapo ndipo nilipoketi mezani kwa mama mmoja wa malewa karibu na soko kuu, daftari mkononi, mvua ikianza kupiga mabati.

« Mama, lituma iko? »
« Iko, mutoto yangu. Ingia kwanza, mvula iko nakuya. »

Lituma ni makemba yaliyopikwa na kutwangwa, mara nyingine pamoja na muhogo, kisha kufinyangwa. Ni chakula cha kwetu kiasi kwamba mtu wa Tshopo akiwa Kinshasa analitaja kama anavyomtaja ndugu. Mwanaisimu analitazama neno kabla ya kula: lituma, likemba, na liboke, yaani chakula kilichofungwa kwenye majani ya mangongo na kuchomwa. Yote matatu yana kiambishi li- cha ngeli ya 5. Na wingi wa likemba ni makemba, wa liboke ni maboke. Katika Kiswahili cha pwani kiambishi hicho cha umoja kimepotea mbele ya mashina mengi: tunasema « tunda, matunda », « jani, majani », na ji- inabaki kwenye mashina mafupi kama « jino » na « jicho ». Kwa hiyo mtu akiweka sahani mbele yako na kuita kilichomo kwa li-, amekuambia bila kujua kwamba neno hilo limepanda mto, halikutoka baharini. Lakini msikilize anavyolipatanisha. Hasemi « lituma ni litamu ». Anasema « lituma iko tamu », kwa i-, kama anavyofanya kwa karibu kila kitu kisicho mtu. Neno la mto limeketi ndani ya sarufi ambayo si ya mto wala ya pwani.

Wali, nao, umeniletea ubishi na kaka yangu. Pwani wana maneno matatu kwa hatua tatu: mpunga shambani, mchele dukani, wali sahanini. Kwetu « muchele » unaweza kubeba hatua ya pili na ya tatu, na anayetaka kuonyesha kwamba ni mtu wa Lingala atasema « loso ». Nilipomwambia kaka kwamba kula mchele maana yake kutafuna punje mbichi, aliniuliza kama nimekwenda chuo kujifunza njaa. Vivyo hivyo kwa majani ya muhogo: « sombe » ukifuata Kiswahili cha mashariki, « pondu » ukifuata Lingala, na Kisangani utayasikia yote mawili kwenye meza moja, mara nyingine katika kinywa kimoja. Nico Nassenstein, aliyetoa kitabu juu ya Kiswahili cha Kisangani mwaka 2015, alikitazama hasa kwa upande huo, lugha ya mji ambamo msemaji ana njia nyingi na anachagua. Mama wa malewa anachagua kila dakika. Kwa mteja askari alisema pondu. Kwa mama aliyeingia na kikapu kutoka upande wa Maniema alisema sombe. Chungu kilikuwa kimoja.

(Kwa wanaopenda kulinganisha: Tanzania mwanamke mwenye kazi hiyo anaitwa mamantilie, ndani yake ikiwa sauti ya mteja, « mama, nitilie ». Jina la kwetu linataja mahali, la kwao linataja ombi.)

Kwenye michezo nilitarajia kuhangaika, na nilihangaika. Ski, patini, magongo ya barafu. Kiswahili kina maneno mawili ya maji yaliyoganda, na yote yamepita nchi za wengine kabla ya kufika kwetu. « Theluji » ni ya Kiarabu. « Barafu » ni ya Kiajemi, na huko kwao « barf » ni theluji. Neno likavuka bahari, likafika mahali ambapo hakuna kinachoanguka kutoka mbinguni kikiwa cheupe, likahamia kwenye kile kinachovunjwa kwa kuwekea samaki. Usidhani lakini kwamba theluji ni jambo la wageni kabisa. Ruwenzori, mpakani mwetu na Uganda, ina kilele cha mita 5,109 chenye barafu, ingawa barafu hiyo inapungua mwaka hadi mwaka. Kuna Wakongo wanaozungumza Kiswahili na kuiona theluji wakitoka nje asubuhi, hali ya hewa ikiruhusu. Tuliosoma Kisangani huwa tunasahau ukubwa wa nchi hii.

Kitenzi ndicho kilichonitesa. Vyombo vya habari vya Afrika Mashariki huandika « mchezo wa kuteleza kwenye theluji ». Lakini « kuteleza » katika Kiswahili ni jambo linalompata mtu, si jambo analolifanya. Unateleza kwa bahati mbaya. Ukisema mtu « ameteleza », watu wanauliza kama ameumia. Kwetu, baada ya mvua, dereva wa toleka huteleza yeye, baiskeli, abiria na mfuko wa makaa pamoja. (Toleka, teksi ya baiskeli: kwa Lingala « tupite ». Jina linatoa ahadi, tope linajibu.) Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya baridi ya Nagano, Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za kilomita 10 za ski, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Jaribu kusema hilo kwa kitenzi chetu: « Boit aliteleza kilomita 10. » Aliteleza hivyo akaanguka mara ngapi? Nimejaribu « kuserereka », ambacho angalau kina mwendo, lakini nacho kinamwacha mtu bila mamlaka juu ya miguu yake. Mwishoni niliandika « kukimbia kwa ski ». Profesa hakuweka alama yoyote pembeni, na mpaka leo sijui maana yake.

Kwa toleo la Kisangani kazi ilikuwa nyepesi, maana mchezo ni mmoja. Mgeni apelekwe Stade Lumumba siku ambayo TS Malekesa inakutana na AS Nika, na hatahitaji kutafsiriwa. Lakini neno la mchezo huo lina historia ambayo inafaa kusimama nayo. Kwa Lingala, mpira wa miguu ni « ndembo ». Ndembo ni mpira ule unaochezwa, na pia ni utomvu, ule uliokamuliwa kutoka kwenye mitambaa ya msituni. Kwa Kiswahili, « mpira » ni kitu hichohicho mara tatu: utomvu ulioganda, kitu cha mviringo, na mchezo. Lugha mbili, kila moja kwa mizizi yake, zimepita njia ileile kutoka msituni hadi uwanjani. Kifaransa hakikupita hapo. « Ballon » na « caoutchouc » ni maneno yasiyojuana. Nikiwa mjukuu wa eneo hili, siwezi kusahau ndembo ya kwanza ilikusanywa namna gani wakati wa Leopold, na mtu ambaye hakuleta kiasi alichopangiwa alifanywa nini. Watoto wanaopiga kelele « ndembo! » kwenye uwanja wa tope hawafikirii hilo, na ni vizuri. Lakini neno lenyewe limebeba yote mawili.

Majirani zetu wa Rwanda na Burundi wamekwenda hatua moja zaidi. Kwao « umupira » ni mpira wa kuchezea, na ni pia sweta. Wao, wenye milima na asubuhi za ukungu, wana sababu. Ni mahali pekee katika uchunguzi huu ambapo mchezo na baridi vimekutana ndani ya neno moja bila kulazimishwa.

Nimebakiza burudani, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini siku tatu hazikutosha. Neno « burudani » ni la mzizi wa Kiarabu b-r-d. Mzizi huohuo umetupa « baridi ». Kuburudika, kwa asili, ni kupoa: mtu ametoka juani, amekaa kivulini, amepewa maji, mwili umetulia. Kutoka hapo neno limepanuka hadi ngoma, muziki, sinema na kila kinachoupumzisha moyo. Sasa fasiri kwa Kiswahili « burudani za majira ya baridi ». Umesema baridi mara mbili. Mtu wa milima ya Ulaya anafurahi akipata joto: moto, chumba, supu, watu wamejazana. Waliounda neno letu walifurahi wakipata ubaridi. Ndiyo sababu sentensi yangu, iliyokuwa sahihi kwa kila ngeli na kila kiambishi, ilisikika kama mtu anayemwalika aliyelowa aende akaoge.

Lingala iko upande wa pwani katika hili. « Malili » ni baridi, na « motema malili », moyo wa baridi, ni utulivu, moyo wa mtu asiyekasirika haraka. Kwa Kifaransa moyo wa baridi ni moyo mbaya. Wenzangu wa fasihi wanaotafsiri mashairi ya Kifaransa wachunge hapo. Nimeona katika kazi za wanafunzi mpenzi katili akigeuzwa kuwa mtu mvumilivu kwa neno moja tu.

Katika Kiswahili cha Kisangani cha kila siku, « burudani » si neno ninalolisikia sana. Watu wanasema « ambiance », na mahali pake ni nganda, ambapo chupa lazima iwe « ya baridi » kweli, vinginevyo inarudishwa. Rumba, ambayo UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi wa 12 mwaka 2021, hapo si urithi, ni kelele ya jirani. Mji una pia dansi ya aina nyingine: Studios Kabako ya Faustin Linyekula, iliyoanzia Kinshasa mwaka 2001 na baadaye ikahamia hapa. Mgeni wetu asiikose. Nilivyoandika toleo la Kisangani, nilitambua kwamba kwa chakula, kwa mpira na kwa dansi kitu kimoja kilirudi kila mara kama kizuizi, nacho ni mvua. Mechi inasimamishwa na mvua. Nganda isiyo na bati nzuri inafungwa na mvua. Darasa la saa mbili linaanza saa nne, na kila mtu, mwalimu kwa mwanafunzi, anakubali sababu kabla haijasemwa. Kwa kazi inayoifanya ndani ya maisha ya watu, hiver ya Kisangani ni mvula. Mwenzetu wa Lubunga alikuwa ameandika toleo la pili kabla sisi hatujaombwa.

Je, nasema kwamba « hiver » itafsiriwe « mvua »? Hapana. Katika toleo la kwanza, linalozungumzia Ulaya, « majira ya baridi » inatosha, na « kipupwe » naikataa, maana inamleta msomaji ufuoni mwa bahari katikati ya mwezi wa 7 wakati theluji ile inaanguka mwezi wa 1. Lakini wengi wetu hatutakuwa wafasiri wa vijitabu. Tutakuwa walimu. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa na lugha za mazingira nafasi ya kufundishia, na nchi ikiwa sasa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, vitabu vya Kiswahili vitakavyotufikia vitazidi kutoka upande wa bahari. Sina ubaya navyo. Nimejifunza kuandika kwa vitabu hivyo, na sentensi hizi ni ushahidi. Ila nimekwisha kumwona mtoto wa mwaka wa tatu wa shule ya msingi akikariri majira manne, masika, kiangazi, vuli, kipupwe, kama anavyokariri majina ya miji asiyoijua, huku nje mvua ikinyesha katika mwezi ambao kitabu kilisema ni mkavu. Alipata alama zote. Nilimuuliza mbinzo zinakuja lini. Alijibu bila kufikiri, tena akaniambia ni mti gani.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wenzangu wa leksikografia ni dogo na linaweza kuanza wiki hii: kila mmoja akusanye kwa mtaa wake majina ya vipindi vya mwaka kama watu wanavyoyasema, pamoja na kinachokuja katika kipindi hicho, samaki gani, tunda gani, ugonjwa gani, na lugha ambamo jina limesemwa. Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, komuni ya Kisangani yenyewe hadi kwa Wagenia, na Lubunga. Wagenia, hasa, wanaoweka mitego yao juu ya nguzo katikati ya maporomoko, lazima wana maneno ya hali za maji ambayo sisi hatujawahi kuyaandika. Tukishakuwa na orodha hizo sita tutaweza kubishana kwa haki kuhusu kiangazi.

Toleo langu la pili, la mgeni wa Kisangani, lilianza hivi: « Mvula isikufungie chumbani. » Karatasi iliporudi, neno la kwanza lilikuwa limezungushiwa duara jekundu, na pembeni: « mvua? » Mwenzetu wa Lubunga aliitazama, akachukua kalamu yangu, akaandika chini yake « mvula! », kisha akashuka kwenda kutafuta mtumbwi, maana upande wa pili kulikuwa kumeshaanza kuwa cheusi.